Bakuli Lililorudi Tupu

Wajukuu zangu, tumemwacha Bibi Odessa Pettway mlangoni wiki nzima, mguu mmoja ndani na mmoja barazani, na baridi ya Februari inamuuma vifundo. Tumrudie kabla hajaugua.

Mnakumbuka alichokikuta pale nje. Bakuli lake la kioo, lile la kuokea, limewekwa juu ya bembea ya barazani. Limeoshwa, limekaushwa, linang'aa. Chini yake kipo kile kipande cha utepe chenye jina lake, O. PETTWAY, alichokibandika ili lisipotelee kwenye majiko ya watu. Na mnakumbuka kwamba alipoinua kitambaa kilicholifunika, ilibidi ashike mlango asianguke.

Sasa nawategea. Niliondoka nimeshiba, nimerudi nimeoga, na nina njaa. Mimi ni nani?

Wa mbali mtasema msafiri. Sisi wa Hatchett, Alabama, hatuhitaji kuwaza. Ni bakuli. Na huku kwetu bakuli la mtu halirudi na njaa. Ukipelekewa pai, unarudisha bakuli lina kitu: mkate wa mahindi, mayai, hata maharage ya jana. Mwanamke anayerudisha bakuli tupu, ama hakulelewa, ama hana jiko.

Na Jonetta Stallworth, mke wa kocha wa chuo kikuu cha Mabry, ambaye bakuli lilikuwa kwake, alilelewa. Bibi Odessa alimjua mama yake, mkazi wa hapa hapa Hatchett.

"Mama, funga mlango, baridi inaingia," Verlene aliita kutoka jikoni. Alikuwa anapiga pasi tai ya mwanawe.

"Verlene, bakuli limerudi tupu."

"Limerudi, shukuru. Langu la harusi bado liko kwa Dada Tolliver."

"Sikiliza ninachosema. Tupu."

"Huenda Jonetta alisahau."

"Jonetta husahau mwavuli. Hili hawezi kulisahau." Bibi Odessa aliliweka bakuli mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. "Nani kalileta?"

"Nimeona gari la Kocha Boykin likiondoka alfajiri."

Wote wawili wakatazamana. Kocha Boykin ndiye anayefundisha mpira katika sekondari yetu ya Hatchett. Akina Stallworth wanakaa Mabry, mji wa chuo kikuu, mwendo mrefu wa gari. Na jana Kocha Boykin hakufika mazoezini. Alisema amelala na mafua.

"Mafua gani hayo," Bibi Odessa akasema, "yanayokwenda Mabry na kurudi na vyombo vya watu?"

Verlene akaizima pasi.

Msiniulize kwa nini bakuli litie watu hofu asubuhi kama ile. Ilikuwa siku ya kutia sahihi, kijana kujifunga na chuo kitakachomsomesha ili akichezee. Vijana wa mpira wa helmeti nchi nzima walikuwa wanakaa mbele ya meza zenye kapelo za vyuo. Kila mmoja anachagua kapelo moja, anaivaa, bendi inapiga, anasaini, na faksi inaipeleka karatasi chuoni. Kendrell, mtoto pekee wa Verlene, mlinzi aliyekuwa akiwaangusha wavulana wenzake kama magunia, alikuwa anakwenda kuvaa kapelo nyekundu ya Mabry.

Na kwa nini Mabry? Makocha waliokuja kumposa majira yale walikuwa wengi. Walikula, wakasifu pai, wakaahidi. Kendrell akawauliza wote swali moja. Alitaka kusomea udaktari wa wanyama. Yule ndama wa Bwana Tolliver aliyezaliwa ametanguliza miguu ya nyuma, ni Kendrell aliyemtoa kwa mikono yake, na tangu siku hiyo hakuzungumza kingine. Lakini masomo ya maabara ni mchana, na mazoezi ya mpira ni mchana. Je, ataruhusiwa?

Mmoja alicheka. Mwingine alisema tutaona. Alvin Stallworth, kocha wa walinzi wa Mabry, peke yake ndiye aliyeweka uma chini.

"Mimi ndiye kocha wako, mimi ndiye nitakayekuachia," alisema. "Siku ya maabara utakwenda maabara. Na nitakuwapo mpaka uvae joho."

Bibi Odessa alimfungia pai yote iliyobaki, bakuli na vyote.

Ahadi ile haikuwa kwenye karatasi ya kusaini. Ilikuwa kwenye mdomo wa Stallworth, na mdomo ni kitu chenye miguu. Miaka hiyo kijana akishasaini amefungwa. Akihama chuo, anakaa mwaka mzima bila kucheza. Kocha akihama, anapokewa na bendi.

Bibi Odessa alivuta simu.

"Dada Earnestine, ni Odessa wa Hatchett."

"Najua ni nani. Nani mwingine hunipigia kabla sijavaa meno?"

Earnestine ni binamu yake, anakaa Mabry, anasali kanisa moja na akina Stallworth.

"Jonetta amekurudishia kitu chochote?"



"Nani kakwambia?"

"Nini kimerudi?"

"Sufuria yangu ya mchuzi. Aliichukua tangu msiba wa Hattie, nikamsamehe na kuisahau. Jumapili kaileta kanisani, na bakuli la Dada Birdie, na lile sinia la umoja wa kina mama. Vyote ndani ya boksi moja."

"Na ndani yake?"

"Ndani ya boksi?"

"Ndani ya sufuria, Earnestine."

"Hewa, dada. Hewa ya Bwana."

Bibi Odessa akafumba macho. "Na mapazia ya nyumba yao?"

"Mimi sipiti kwa watu kuchungulia."

"Earnestine."

"Hayapo. Madirisha yako uchi tangu juzi."

Mwanamke hukopa vyombo akiwa anakaa. Akivirudisha vyote kwa mpigo, anafunga mizigo. Verlene aliyasikia yote, maana Earnestine akizungumza kwenye simu ni kama yumo chumbani.

"Wanahama," Verlene akasema.

"Nani anahama?"

Ilikuwa sauti ya Kendrell. Alikuwa amesimama kwenye ujia, shati jeupe, shingo nene haitaki kifungo, tai bado iko mkononi mwa mama yake.

Walimwambia. Akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, cheko la mtu ambaye hajafurahi.

"Kwa hiyo nisisaini kwa sababu ya bakuli?"

"Mpigie," Bibi akasema. "Weka simu mezani tusikie wote."

Stallworth alipokea upesi.

"Mwanangu. Siku ndiyo hii. Kapelo iko tayari?"

"Iko tayari, Kocha. Bibi anataka kukusalimu."

"Bibi Odessa, ile pai yako bado naiota."

"Asante, baba. Jonetta anapika nini leo?"

"Leo tunakula nje, Bibi. Jiko limeharibika."

"Poleni. Na mapazia nayo yameharibika?"

Verlene akaziba mdomo kwa tai.

"Sijakuelewa, Bibi."

"Basi nikuulize jepesi. Agosti mjukuu wangu akishuka kwenye basi hapo Mabry, atakukuta?"

"Bibi, Mabry ni chuo cha siku nyingi, hakiendi popote. Kendrell atakuta familia yake inamsubiri."

"Sikuuliza habari za majengo."

"Naitwa kikaoni, Bibi. Kendrell, faksi ifike kabla ya saa tatu. Nakupenda, mwanangu."

Simu ikakatwa.

"Hajasema anaondoka," Kendrell akasema.

"Amesema anabaki?"

Kendrell alilitazama lile bakuli, kisha mikono yake.

"Bibi, wengine wote walisema hapana. Nikimwacha huyu nakwenda wapi? Tillery?"

Tillery ndiyo ile kapelo ya pili, ya kijani. Chuo kidogo, uwanja wake hata ng'ombe wangeweza kuulalamikia. Kocha wao alikuja mara moja tu, akasema: "Sitakuahidi maabara. Nitauliza, nikijibiwa nitakwambia." Hakuna aliyemsikia tena.

"Vaa koti," Bibi Odessa akasema. Akalichukua bakuli, akalitia kwapani.

"Mama, huendi na hilo."

"Nitakwenda nalo."

Ukumbi wa michezo wa sekondari ulikuwa umejaa. Bendi imekaa, walimu wamekaa, mchungaji amekaa mahali pa kuonekana. Mbele kuna meza yenye kitambaa, kapelo nyekundu, kapelo ya kijani, karatasi, kalamu na kipaza sauti. Nyuma ya meza, kwenye kidawati, mashine ya faksi imeletwa kutoka ofisini kwa waya mrefu.

Mstari wa mbele alikaa Cleophus, kaka yake Verlene, na fimbo yake.

Niwategee kingine hapo hapo. Mgongoni twamjua, usoni hatumjui. Ni nani?

Ni mchezaji. Jina liko mgongoni, uso umo ndani ya helmeti. Zamani Hatchett nzima tuliushangilia mgongo wa Cleophus akichezea Mabry hiyo hiyo. Alitaka ualimu. Wakampangia masomo ya kupitisha muda, asije akakosa mazoezi. Goti lilipokwisha, wakapata mgongo mwingine. Alirudi na fimbo na koti jekundu, na koti lenyewe hajalivaa tena.

"Mama, umeleta chakula?" Cleophus akauliza alipoona bakuli.

"Ndiyo tatizo," Bibi akajibu, "sikuleta."

Alipita moja kwa moja mpaka mbele akaliweka katikati ya kapelo mbili. Kocha Boykin, suti mpya, viatu vipya, akaja mbio.

"Bibi Odessa, hiki ni nini mezani?"

"Bakuli."

"Naona ni bakuli."

"Basi umejijibu."

Watu wakacheka. Kocha naye akacheka, lakini macho hayakushiriki. Akainama kwa Kendrell.

"Saini, kijana. Saa tatu inagonga. Kuna mvulana wa Georgia ameshika kalamu, anaomba Mungu uchelewe. Wakikosa faksi yako, nafasi ni yake."

Kendrell akakaa. Verlene kulia, Bibi kushoto. Bendi ikainua tarumbeta midomoni, ikasubiri.

Kijana akanyoosha mkono kuelekea kapelo nyekundu. Akaigusa. Kisha mkono ukapita, ukakigeuza kipaza sauti kumwelekea mwalimu wake.

"Kocha, mafua yamepona?"

"Yamepona, asante. Saini."

"Umeyapatia Mabry?"

Sauti ilikwenda mpaka viti vya nyuma. Tarumbeta zikashuka.

"Nani kasema nilikuwa Mabry?"

"Bakuli la Bibi lilikuwa kwa Jonetta. Leo alfajiri umeliacha kwetu barazani."

"Nilikutana naye njiani."

"Njia ipi?"

"Kendrell, hii si siku ya maswali. Njia. Alikuwa anapita, gari limejaa makochi na magodoro, akaniomba nim..."

Akauma ulimi. Lakini kipaza sauti hakina huruma. Ukumbi mzima ulishasikia magodoro.

"Anahama na magodoro," Cleophus akasema, si kwa sauti kubwa. "Huyo haendi sokoni."

Kocha Boykin alifuta jasho. "Sawa. Stallworth ana mambo yake. Kocha ni mtu, watu huhama. Wewe unasaini na chuo, husaini na mtu."

"Mimi nilisema ndiyo kwa mtu," Kendrell akasema.

"Hukusoma karatasi? Jina la Stallworth liko wapi humo?"

"Halimo. Na maabara haimo."

"Basi unalilia nini? Kila kilichomo utakipata. Karo, kitanda, chakula."

"Cleophus alipata kitanda," Bibi Odessa akasema. "Alikilalia na barafu gotini."

Kocha Boykin akapeleka mkono kwenye swichi ya kipaza sauti.

"Usikizime, Kocha."

Ni sauti ya mwanamke, kutoka mlango wa nyuma. Vichwa vyote vikageuka, hata vya bendi.

Jonetta Stallworth alikuwa anatembea katikati ya viti na koti lake la safari. Hana hereni, hana rangi ya midomo, na sisi tuliomjua tangu mtoto hatukuwahi kumwona hivyo. Mikononi amebeba boksi la karatasi lenye kamba, la duka la mikate.

Alifika mezani, akaliweka boksi ndani ya bakuli.

"Bibi Odessa, nisamehe. Nilikurudishia tupu. Sina jiko, nimenunua." Akaikaza ile kamba ya boksi. "Tulikuwa tumeshaondoka na gari la mizigo mbele yetu. Nimemwambia dereva asimame, nimegeuza. Mama yangu angefufuka."

"Kaa chini, mwanangu," Bibi akamwambia.

"Sikai. Nikikaa sitasema." Akamgeukia Kendrell. "Alvin anaondoka. Amepata kazi Texas. Amejua tangu kabla ya Krismasi. Akaambiwa afunge mdomo mpaka faksi zote ziingie. Kanipigia njiani akaniambia alichowajibu: jiko halijaharibika, liko kwenye gari."

Verlene aliinuka nusu, akaketi tena. Kendrell hakutikisika. Taya tu ndiyo iliyofanya kazi.

"Tulimuuliza, Bi Jonetta. Leo. Akasema ananipenda."

"Anakupenda. Alikula kwenu na akakupenda. Hilo ndilo linalonichoma." Jonetta akavuta pumzi. "Lakini si hilo tu. Kocha Boykin, utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

"Dada, wewe umechoka na safari."

"Nani anaichukua ofisi ya mume wangu kesho?"

Kocha Boykin akatazama viatu vyake vipya.

"Ni huyu," Jonetta akasema. "Jana alikuwa pale anapima meza. Bakuli hili hakulipata njiani, nilimpa mkononi akiwa kwenye kiti cha Alvin, na nikamwambia amwombe Bibi Odessa radhi kwa niaba yangu, hakusema. Wamempa kazi ya kufundisha walinzi Mabry. Sharti ni moja. Aje na Kendrell."

Sasa angalieni binadamu tulivyo. Baadhi ya watu walipiga makofi. Kocha wetu, wa Hatchett, anakwenda Mabry. Mmoja hata akasema hongera. Kisha makofi yakasikia yenyewe, yakafa moja moja.

Kocha Boykin alijiweka sawa tai. Nitamtendea haki: hakukimbia.

"Ndiyo," akasema. "Ni kweli. Na kuna ubaya gani? Nimefundisha hapa ujana wangu wote. Sijawahi kupewa hata chumba chenye dirisha. Kendrell, mimi ndiye niliyekufunga kamba za viatu ulipokuwa hujui kushoto na kulia. Nilikupeleka hospitali ulipovunjika kidole, mama yako akiwa kazini. Verlene, ni uongo?"

"Si uongo," Verlene akasema kwa shida.

"Basi unakwenda na mtu wako. Bora kuliko Stallworth. Huko nani atakayekupenda kunizidi?"

Yule mtu alimpenda kijana, na alimuuza, na vyote viwili vilikuwa kweli pale pale kwenye suti moja.

Kendrell akaichukua kalamu.

Mashine ya faksi ilikuwa inaguna peke yake kule nyuma. Mwalimu mmoja alitazama saa ya ukutani, akaona haya, akatazama chini.

"Kocha," Kendrell akasema, "nitasaini."

Verlene akamshika mkono. Akautoa polepole, kwa heshima.

"Nitasaini sasa hivi, uipate ofisi yako. Nijibu kimoja. Wewe ndiwe utakayekuwa kocha wa walinzi. Siku ya maabara, nikikuaga mchana nakwenda kwenye wanyama wangu, utaniachia?"

"Tutazungumza tukifika."

"Tumeshafika."

Kocha Boykin alitazama faksi. Alitazama bendi. Alimtazama Cleophus na fimbo yake, na Cleophus hakukwepa macho yake. Mwisho akatazama bakuli lenye boksi la duka la mikate ndani yake.

Akanyoosha mkono. Akakifunika kipaza sauti kwa kiganja chote. Akainama mpaka mdomo ukagusa sikio la kijana, akasema maneno machache.

Sisi tuliokaa karibu tuliona midomo tu. Tulimwona Kendrell akiyapokea maneno yale. Kwanza alishusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akaacha kupumua. Kisha akamgeuzia mwalimu wake uso, taratibu, uso ambao hatukuuona hata siku alipovunjika kidole.

Akaiweka kalamu ndani ya bakuli, kando ya boksi. Akakishika kiganja cha Kocha Boykin, akakibandua kidole baada ya kidole mpaka kipaza sauti kikawa wazi.

"Rudia hapa, Kocha," akasema. "Bibi hakusikia."